Aliyeishika Njia

Tshibola hakuwa mtu wa majivuno, ila ukitaka kumwudhi, sema programu yake ina kosa. Alizitengeneza katika chumba kidogo nyuma ya duka lake la fotokopi, hatua chache kutoka stesheni ya Kamina, na akikukabidhi moja alikuambia bila haya kwamba imekamilika. Mara nyingi ilikuwa kweli. Ndiyo maana Jumatano ile, Kapenda, mkuu wa ofisi ya kampuni ya Reli Safi, alipomtaka aandike ripoti juu ya ajali ya Jumanne, alikaa na kompyuta tangu asubuhi mpaka mama yake alipomwita mara ya tatu kuja kula. Halafu akaandika ukurasa mmoja ulioishia hivi: programu ilifanya kazi sawasawa, treni iliandikwa kila dakika, aliyekuwa mezani hakuitazama.

Aliyekuwa mezani alikuwa baba yake.

Usimhukumu upesi. Alilia alipokuwa akiandika, na mara mbili alifuta mstari wa mwisho. Lakini baba yake huyohuyo, Séraphin Mbiya, ndiye aliyemlea binti huyu kwa amri moja tu ya nyumbani: jambo la reli halisemwi nusu. Ukisema nusu, watu wanakufa. Basi akausema ukweli wote kama alivyouona, akaupeleka kwa Kapenda mchana kweupe, akarudi nyumbani na kumwambia baba yake alichoandika. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri, akaomba maji ya kunywa.

Sasa nikueleze ya Jumanne, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Reli Safi ni kampuni ndogo, kazi yake kukarabati njia. Ina treni moja ya kubeba kokoto, na ina draizini moja, kigari cha reli cha kupeleka wafanyakazi, chepesi kiasi kwamba watu sita wakikinyanyua wanakiweka kando. Treni inapakia kokoto kwenye machimbo ya kilomita ya kumi na mbili, kisha inaingia porini kuzimwaga. Timu ya draizini inafanya kazi mbele yake kwenye njia hiyohiyo. Treni ikikaribia, wanainyanyua draizini yao, wanaipisha, wanairudisha. Wamefanya hivyo miaka na hakuna aliyekwaruzwa, kwa sababu redio ilikuwa inasema. Dereva anatangaza alipofika, timu inasikia, na Séraphin mezani kwake Kamina anasikia pia.

Kwenye draizini na kwenye treni kuna kifaa kinachotuma mahali kilipo kila dakika. Programu ya Tshibola inapokea habari hiyo na kuchora nukta nyekundu juu ya mstari wa reli. Ilikuwa na miezi sita pale ofisini, na kila mtu aliisifu.

Jumatatu redio ilikufa. Kapenda akasema wasisimamishe kazi, ramani ipo, simu zipo. Jumanne saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa saa ya ratiba, treni ikaondoka machimboni. Saa nne na dakika arobaini, Phébé, mpishi wa timu, ambaye ndiye aliyekuwa na simu yenye moto kwenye betri, alimpigia Séraphin kutoka kwenye kona ya kilomita ya thelathini na moja na kumuuliza treni iko wapi. Séraphin, simu katika mkono wa kushoto, akatazama skrini. Nukta nyekundu ilikuwa imetulia kilomita ya kumi na mbili. Akamwambia bado inapakia, waendelee na kazi.

Dakika nne baadaye treni iliwatokea pale kwenye kona. Watu kumi na mmoja waliruka kila upande, wengine na nyundo mikononi. Draizini ilisagwa. Phébé alivunjika mguu mahali pawili, na wanasema alikuwa bado ameishika simu, akiitazama kana kwamba ndiyo iliyomsukuma.

Alipopigiwa simu ya vilio, Séraphin aligeuka kwenye skrini akaona nukta iko kilomita ya thelathini na moja, palepale walipo watu. Kwa maneno yake mwenyewe, alihisi damu imemwisha mwilini. Alitazama mara ya kwanza treni ikiwa machimboni, akatazama mara ya pili ikiwa juu ya watu. Katikati hakukumbuka kitu. Na mtu asiyekumbuka kitu, akiwa amekaa kwenye kiti, atakuwa amefanya nini kama si kulala?

Mji mzima ulisema alilala. Jumatano hiyo akina mama wa kwaya walimpita Germaine, mke wake, pale kisimani, bila kumsalimia. Germaine alirudi nyumbani na ndoo zake na akaponda sombe, majani ya muhogo, kwa hasira hata kinu kikahama mahali pake.

Miaka arobaini na minne mzee huyu alikuwa mtu wa reli. Treni iliyowabeba kwenda Kasai mwaka wa tisini na tatu, walipofukuzwa hapa pamoja na wenzao wenye asili ya huko, ni yeye aliyeipa njia, kisha akafunga daftari, akapanda behewa la mwisho na mkewe na kitanda. Baadaye aliitwa arudi kwa sababu waliobaki hawakuijua njia. Sasa mtu wa namna hiyo amalize kazi kwa neno moja, alilala. Kapenda alikuwa ameandaa karatasi ya kukiri kosa. Akisaini ataondoka kimya, jina lake likiwa na doa hilo mpaka kaburini. Asiposaini, wataitana mbele ya mkaguzi.

Ijumaa asubuhi Tshibola aliitwa ofisini. Kapenda, ambaye si mtu mbaya ila hana simile, alikuwa amempata wa kumrithi Séraphin, binti aitwaye Mireille, na alitaka Tshibola amfundishe programu. Séraphin naye angekuwepo, akabidhi daftari, aondoke saa sita. Redio ilikuwa imepata betri mpya. Treni ingetoka kama kawaida, na timu ya draizini haikuwepo njiani, maana draizini yenyewe ilikuwa chuma chakavu.

Ilikuwa mara ya kwanza Tshibola kumwona baba yake akiwa kazini na treni ikiwa njiani. Labda unashangaa. Programu alimfundisha nyumbani, juu ya meza ya kulia, kwa treni ya kubuni, na mzee alielewa siku ile ile. Ofisini Kapenda hakupenda ndugu wa wafanyakazi waingie. Alipoenda kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi ilikuwa Jumapili, hakuna treni, hakuna baba.

Alisimama nyuma ya kiti cha Mireille akimwonyesha hiki na kile, akijitahidi asimtazame mzee. Redio ikakoroma. Dereva akaomba njia kutoka machimboni. Séraphin akaandika saa kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya mapadri, akajibu kwamba njia ni yake, aende. Kisha akamwomba Mireille asogee kidogo, akachukua kipanya, akaupeleka mshale mpaka juu kabisa ya dirisha la programu, kwenye ule ukanda wenye jina lake, akabonyeza kitufe. Hakukiachia. Akakaa hivyo, kidole kimekaza, macho kwenye ukuta, ametulia kabisa.

Tshibola alidhani anataka kulisogeza dirisha. Akangoja. Mzee hakulisogeza popote. Mireille aliuliza swali kuhusu rangi za nukta, Tshibola akamjibu, akaendelea kueleza, na alipofika kwenye ile saa ndogo aliyoiweka kwenye kona ya ramani akakatiza maneno. Saa hiyo huhesabu hata sekunde. Ilikuwa imesimama kwenye 10:06:41. Saa ya ukutani, ile kubwa ya stesheni za zamani, ilikuwa inaelekea 10:09.

Nukta nyekundu ilikuwa kilomita ya kumi na mbili. Imetulia.

Tshibola aliinama karibu na skrini, akahesabu kimoyomoyo mpaka sitini, na ile saa yake, saa aliyoiandika kwa mikono yake, haikusogea hata sekunde moja.

“Papa,” akasema, akikionyesha kipanya, “unafanya nini na souris?”

Séraphin alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

“Nashika njia.”

Akaeleza, kwa upole, zaidi kwa ajili ya Mireille ambaye alikuwa bado hajui kazi. Zamani, alisema, kila kipande cha njia kilikuwa na bâton yake, fimbo ya mti yenye pete ya shaba na jina la kipande. Treni ikiwa njiani, mwenye zamu anaishika bâton mkononi mwake. Haiweki mezani, haendi chooni nayo, hampi mtu. Aliye na bâton ndiye aliye na njia, na wawili hawawezi kuishika fimbo moja. Watu wengi wako hai hapa Kamina kwa sababu ya fimbo ile. Utaratibu ulipokufa hakuna aliyekuja kuidai, na leo Germaine anafungia nayo mlango wa jikoni. Halafu ikaja kompyuta, na kompyuta haina cha kushika.

“Nikatafuta pa kushika,” alisema. “Nikaona hii kichwa ya dirisha. Ukiifinya, iko mu mukono yako. Treni ikiwa mu njia, muntu haachilie mpaka ifike. Dereva anasema mu redio, nimefika. Minyi naachilia, na treni inatokea palepale penye anasema. Kila siku, myezi sita. Haiyakosa hata mara moja.”

Tshibola alishika mgongo wa kiti cha Mireille. Hakika haikukosa. Akiishika, programu inasimama. Dereva akitangaza amefika, anaiachia, na nukta inaruka mpaka ilipo treni, ambayo kweli imefika. Miezi sita mzee aliona treni ikimtii kidole, wala hakuwa na sababu ya kushuku, kwa kuwa redio ilikuwa inamwambia yaliyobaki. Mpaka Jumanne, redio ilipokuwa bubu, akaishika kwa saa ya ratiba tu, na nukta ikabaki machimboni kana kwamba treni haijaondoka.

Na yeye, fundi, alikuwa amewahi kulisoma jambo hilo. Hapo ndipo aibu ilipomchoma. Miaka mitatu iliyopita, huko Lubumbashi, alisoma mahali kwamba programu ya dirisha ni mfanyakazi mmoja anayezunguka bila kupumzika: anapokea habari, anaandika, anachora, anarudi mwanzo. Mtu akilikamata dirisha kwa kichwa, kompyuta inamchukua mfanyakazi huyo na kumweka angoje mkono uamue unakwenda wapi. Mkono usipoamua, anangoja. Habari zinarundikana mlangoni na hakuna wa kuzipokea. Dawa yake waliieleza pia, kwamba kazi ya kupokea na kuchora ipewe mfanyakazi wa pili, asiyeguswa na kipanya. Tshibola aliona ni kazi nyingi bure. Nani atalishika dirisha kwa kichwa nusu saa nzima?

“Papa, achilia.”

“Treni iko mu njia, mama.”

“Najua iko mu njia. Achilia.”

Séraphin alitikisa kichwa. Hakukasirika. Katika miaka arobaini na minne hakuna aliyewahi kumwomba jambo kama hilo, na kidole chake kilizidi kukaza mpaka ukucha ukageuka mweupe. Mireille alikuwa amesukuma kiti chake nyuma, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Kapenda, aliyesikia sauti zikibadilika, akatokea mlangoni na kikombe cha chai.

Tshibola akapiga magoti kando ya kiti cha baba yake, kama alivyofanya alipokuwa mtoto akiomba ruhusa. Akamwambia kwamba leo hakuna mtu njiani. Akamwambia redio inafanya kazi, dereva yuko macho, hakuna atakayeumia. Akamwomba amwamini mara hii moja, kisha akimwona mjinga amfukuze nyumbani.

Mzee alivuta pumzi. Akainua kidole.

Nukta nyekundu iliruka. Ilitoka kilomita ya kumi na mbili, na kabla hujafumba jicho ilikuwa ya kumi na tisa. Saa kwenye kona ikaruka pia, ikaanza tena kuhesabu sekunde zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Redio ikakoroma, na dereva akatangaza kwamba amepita kilomita ya kumi na tisa.

Chai ya Kapenda ilikuwa inamwagika kwenye sahani yake na hakujua. Séraphin aliitazama ile nukta, midomo imeachana, halafu akakitazama kidole chake, akakigeuza huku na huku, kana kwamba amekiokota mahali.

Tshibola alikuwa tayari kwenye kipanya. Alifungua daftari la programu, lile alilolipekua Jumatano kutwa nzima, akaitafuta Jumanne. Mistari ilikuwa pale kama alivyoiona: dakika baada ya dakika, 10:10, 10:11, 10:12, kila mmoja na kilomita yake, hakuna pengo. Kwa mistari hiyo alimhukumu baba yake. Lakini hizo zilikuwa saa ambazo treni ilituma. Kando yake kulikuwa na safu nyingine, saa ambayo programu ilipokea, safu aliyoiweka yeye mwenyewe na hakuiangalia, kwa sababu aliamini anajua inachosema. Sasa akaisoma. 10:47:03. Mstari uliofuata, 10:47:03. Uliofuata, 10:47:03. Mistari yote thelathini na saba ilipokelewa katika sekunde moja, sekunde ambayo mzee alisikia vilio kwenye simu, akaachia kipanya.

Aliisoma kwa sauti mpaka sauti ikamwishia. Mireille ndiye aliyemalizia, polepole, akifuata kwa kalamu kwenye skrini.

“Basi hakulala,” Kapenda akasema.

“Hakulala,” Tshibola akasema. “Alikuwa macho dakika zote. Ni programu njo ilisimama, na ni minyi niliitengeneza vile. Ripoti yangu iko ya uongo, shefu. Ile karatasi ya kukiri usimpe asaini.”

Kapenda aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui aanze na lipi. Akasema karatasi alishaipata. Papa Séraphin aliileta mwenyewe tangu juzi Jumatano jioni, imesainiwa, hata kabla hajaulizwa mara ya pili.

Tshibola alimgeukia baba yake. Yeye alidhani mzee alikuwa bado anafikiri. Siku mbili alikuwa akimpita uani, akimwona amekaa, akijiambia mzee anapima, atakuja kumuuliza, atakataa, atagomba kidogo kama watu wengine wanavyogomba.

“Papa, juu ya nini ulisinye? Hata weye haukukumbuka kama ulilala.”

Séraphin alijibu bila kumlaumu, na hilo ndilo lililomuua.

“Uliandika asema machine haiko na kosa. Minyi nakujua, weye hauandikake kintu chenye hauko na hakika. Nikasema, kama mutoto wangu ameandika vile, basi njo minyi nililala.”

Machozi yalimtoka Tshibola wazi mbele ya Kapenda na Mireille, na hakuyafuta. Alikuwa amekuja na hofu kwamba ukweli wake umemvunja baba yake. Kumbe mzee aliukana ukweli wake mwenyewe, akachukua aibu ya mji mzima, akaitia saini, kwa kumwamini binti yake.

Kapenda alitoka, akarudi na karatasi ile. Akaipasua mara mbili, na vipande akavitia mfukoni, akisema atakwenda navyo hospitalini kwa Phébé, maana yeye wa kwanza anastahili kujua ni nini kilichomdanganya kwenye simu. Kisha akamwambia Tshibola aandike upya, hapa hapa, sasa hivi, na Mireille asiiguse mashine hiyo mpaka itengenezwe. Wote watafuata redio.

Tshibola alikaa. Aliandika tarehe, akaandika kwamba programu ilisimama dakika thelathini na saba, kwamba aliyeitengeneza ni yeye, na kwamba dalili ilikuwepo kwenye daftari lake mwenyewe na hakuisoma. Akaandika kwamba aliyekuwa mezani hakulala.

Redio ilisema kilomita ya ishirini na sita. Séraphin alikuwa bado kwenye kiti chake kando yake, akiangalia nukta inayotembea peke yake, dakika baada ya dakika. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, umefunguka. Ulifumba mara moja, ukafunguka tena, ukakisogelea kipanya, ukarudi. Treni ilikuwa njiani na yeye hakuwa ameshika kitu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

Binti yake aliona. Aliendelea kuandika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akauweka kwenye kiganja cha baba yake. Mzee akaufumba, akaukaza mpaka ukauma, na hakuuachia mpaka dereva aliposema amefika.